Muziki wa Kiromantiki na Majina Tunayoupa

Muziki wa Ulaya wa karne ya 19 huingia madarasani mwetu kwa majina ya kuazima. Wako wanaouita "muziki wa mapenzi". Wengine, wakifuata wahakiki wa fasihi, huunasibisha na "ulimbwende". Twaona majina yote mawili yana kasoro, na kasoro hiyo si ya msamiati tu, maana mwanafunzi husikiliza kile ambacho jina limemwahidi.

Aliyeahidiwa mapenzi atawatafuta wapenzi katika Simfonia ya Tano ya Beethoven, asiwaone. Hata hivyo, ni kazi hiyo ambayo E.T.A. Hoffmann, katika tahakiki yake ya mwaka 1810, aliitolea mfano wa sanaa ya Kiromantiki. Hoffmann hakuzungumzia mahaba. Alizungumzia hofu, maumivu na shauku isiyo na kikomo, akadai kwamba muziki wa ala tupu, usio na maneno, ndio wa Kiromantiki kuliko sanaa zote. Neno lenyewe lilitokana na hadithi za kale za mashujaa na maajabu, zilizotungwa kwa lugha za watu badala ya Kilatini. Ulimbwende nao, kwa Mswahili, ni umaridadi wa mtu anayejipamba. Na Beethoven hakusifika kwa hilo.

Mtetezi wa "mapenzi" huenda akaleta ushahidi wa Symphonie fantastique ya Berlioz, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1830. Ni kweli, mpenzi yumo. Msanii aliyekata tamaa anakula afyuni, anaota kwamba amemuua mwanamke ampendaye na kwamba anapelekwa kunyongolewa kichwa. Mwisho yumo katika karamu ya wachawi. Mwanamke huyo ana sauti yake, lahani inayorudi katika sehemu zote tano. Lakini tusikilize inavyorudi: penye adhabu inachomoza kidogo tu, ikakatwa kwa kishindo cha okestra nzima, penye wachawi klarineti ndogo yaigeuza ngoma ya kejeli. Kinachoelezwa hapa ni nafsi inayojila yenyewe. Tungependa kuuita muziki wa namna hii "muziki wenye kisa", kwani "programu" humfanya mwanafunzi afikirie ratiba.

Hapo ndipo lilipo pia kosa la kuiita laitimotifu ya Wagner "kibwagizo". Kibwagizo tunakijua: hurudi mahali pake palepale na kwa maneno yaleyale, nasi humpima mshairi kwa uaminifu huo. Katika opera nne za Pete, zilizoonyeshwa kwa ukamilifu Bayreuth mwaka 1876, kipande cha sauti kilichofungamana na upanga au mto Rhine hurudi popote, kikiwa kimegeuka, na pengine humdokezea msikilizaji jambo ambalo mhusika jukwaani bado halijui. "Sauti-kumbusho" ingefaa zaidi.

Walakini kisa kisifanywe sharti la Uromantiki. Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, alishikilia katika kitabu chake cha 1854 kwamba uzuri wa muziki umo katika sauti zenyewe na mwendo wake. Brahms, aliyependwa na kambi hiyo, alimaliza Simfonia yake ya Nne mwaka 1885 bila kisa chochote, na hakuna anayemtoa katika zama hizo.

Limebaki "rubato", ambalo kwa Kiitalia ni "kilichoibwa", yaani muda. Baadhi ya walimu hulifasiri "kupiga bila mapigo", na hilo ndilo tunalolipinga kwa nguvu zote. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba mwalimu wao alidai mkono wa kushoto ushike mapigo sawasawa, kama kiongozi wa okestra, huku wa kulia ukichelewa au ukitangulia upendavyo. Palipo wizi pana mali inayohesabika, na mali hiyo hulindwa na mkono wa kushoto.