Waifai Imejaa, Intaneti Haipo

Malalamiko yaliyofika kwa fundi yalikuwa mafupi: waifai ya ofisi inakatika. Ofisi yenyewe ni ya uhasibu. Ina kompyuta kadhaa zilizofungwa kwa waya, na laptopu moja ya mhasibu mkuu inayotegemea waifai. Zenye waya hazisumbui, na simu za wafanyakazi zilizo kwenye waifai hiyo hiyo hazisumbui. Laptopu peke yake ndiyo inayoamka vizuri asubuhi, kisha ikifika katikati ya asubuhi kurasa zinagoma kufunguka. Ukiizima na kuiwasha, intaneti inarudi. Baada ya muda inapotea tena.

Kwa kawaida hapo ndipo watu huanza kuhangaika na vitu. Ruta inahamishwa kutoka kabatini hadi dirishani, draiva ya kadi ya waifai inawekwa upya, mtoa huduma anapigiwa simu na kusemwa bure. Kumbe ndani ya dalili zile mlikuwa na mambo mawili ambayo yangetosha kupunguza orodha ya washukiwa kabla mtu hajagusa chochote.

La kwanza ni kwamba alama ya waifai ilibaki imejaa hata pale intaneti ilipokufa. Mawasiliano ya redio kati ya laptopu na ruta ni jambo moja. Anwani ya IP inayopita juu ya redio hiyo ni jambo jingine. Mawimbi ya 2.4 GHz yakiingiliwa, au kadi ikilala ili kuokoa betri, kinachoanguka ni redio, na mara nyingi alama huanguka nayo. Ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta, kwa upande wake, hukagua paketi. Unaweza kukunyima intaneti yote huku redio ikiwa salama kabisa.

La pili: kukata waifai na kuiunganisha upya hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuzima na kuwasha kompyuta nzima. Kama tatizo lingekuwa ruta, kwa nini ruta ijali kwamba Windows imeanza upya?

Amri ya ipconfig /all, ilipoandikwa wakati intaneti imekufa, ilionyesha anwani inayoanza na 169.254. Hilo ni fungu ambalo kompyuta hujichagulia yenyewe inapokosa wa kuipa anwani. Maana yake laptopu ilikuwa imepoteza anwani yake halali, na tangu hapo uchunguzi ukahamia kwenye DHCP, utaratibu ambao ruta hutumia kugawa anwani.

Ruta haigawi anwani moja kwa moja, hupangisha. Kwa kanuni za RFC 2131 za mwaka 1997, ikifika nusu ya muda wa pango, kompyuta huiandikia ruta iliyoipangisha kuomba kuongezewa. Isipojibiwa hurudia ombi, na ikifika asilimia 87.5 ya muda huacha kumwita mwenye nyumba kwa jina na kuanza kutangaza kwa kila atakayesikia kwenye mtandao. Muda ukiisha bila jibu, inaachia anwani.

Ruta ya ofisi ile ilipangisha kwa saa mbili. Laptopu ikiwashwa saa mbili asubuhi, ambayo saa ya kompyuta huiandika 8:00, ombi la kwanza linatakiwa kutoka 9:00, tangazo 9:45, na anwani kuachiwa 10:00. Kumbukumbu za ukuta wa moto wa laptopu zikafunguliwa, na mistari ilikuwa palepale. Saa 9:00: DROP (imetupwa), UDP, kutoka 192.168.1.34 mlango wa 68, kwenda 192.168.1.1 mlango wa 67, yaani kutoka laptopu kwenda ruta kwa milango ya DHCP. Kisha mistari mingine ya aina hiyo hiyo. Saa 9:45 mwelekeo ukabadilika: 255.255.255.255, yaani tangazo kwa wote, nalo DROP. Saa nzima kabla mhasibu hajaona dalili yoyote, ukuta ulikuwa tayari unaitupa barua ya kuomba kuongezewa muda.

Mengine yote yakakaa sawa hapo. Kompyuta za waya zilikuwa na anwani za kudumu zilizoandikwa kwa mkono, hazikuwa na pango la kuongeza. Nyumbani kwa mhasibu laptopu haikusumbua, kwa sababu huko ruta hupangisha kwa saa 24, nayo huzimwa kabla nusu ya muda haijafika. Na kuzima na kuwasha kulisaidia kwa sababu Windows ilipoamka iliomba anwani kabla ukuta ule, ambao haukuwa wa Windows bali ulikuja na antivairasi, haujamaliza kupakia sheria zake.

Sheria yenyewe ilitoka wapi? Ukuta wa aina hii huuliza. Siku fulani, katikati ya kazi, kisanduku kilijitokeza kikisema kwamba svchost.exe inataka kuwasiliana na mlango wa 67, na mtumiaji akabonyeza kukataa, na kukubali jibu likumbukwe. Simlaumu. Jina kama hilo linatisha kuliko linavyoeleza, na anayejua kwamba ndani ya svchost.exe ndimo inamoishi huduma ya DHCP ni fundi, si mhasibu aliye na hesabu za kufunga. Lawama ni ya waliotengeneza programu inayomuuliza mtu swali hilo.

Wazee wa kazi hii wanakumbuka kisa kinachofanana na hiki cha Julai 2008. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu wa DNS uliogunduliwa na Dan Kaminsky, na kompyuta nyingi za Windows XP zenye ukuta wa moto wa ZoneAlarm zikapoteza intaneti mara moja. Wapo walioliondoa sasisho wakafurahi kuona kurasa zinafunguka, huku udhaifu ukirudi wazi. Check Point, wenye ZoneAlarm, walitoa toleo lililorekebishwa ndani ya siku chache.

Njia ya mkato ilikuwepo hapa pia. Ukizima ukuta na kuandika ipconfig /renew, jibu linakuja papo hapo. Ukiuwasha, amri hiyo hiyo inasubiri hadi inakata tamaa. Kwa kupima, ni njia nzuri sana, kwa sababu haikulazimishi kungoja saa mbili. Kuuacha umezimwa ni jambo jingine: laptopu ile hubebwa hadi kwenye waifai za hoteli. Wengine wangeipa anwani ya kudumu kama zile za waya. Ingefanya kazi ofisini, na ingegoma mahali pengine popote ambako anwani zimepangwa tofauti.

Sheria ya kukataa ikafutwa, ikaandikwa nyingine nyembamba: svchost.exe, UDP, mlango wa ndani 68, mlango wa nje 67, ruhusu. Si kuiruhusu svchost.exe kila kitu, maana huduma nyingi zinaishi humo. Amri ya kuongeza muda ikajibu ukuta ukiwa umewashwa. Kesho yake laptopu iliachwa ifanye kazi bila kuguswa. Saa 9:00 muda wa kuanza kwa pango kwenye ipconfig /all ukasogea wenyewe kutoka 8:00, na kwenye kumbukumbu za ukuta hapakuwa na DROP hata moja ya mlango wa 67.