Kati ya Kabla na Baada

Hadithi fupi inayosomwa sana Shanzu siku hizi ina picha mbili na namba moja. Kushoto, jamaa amelegeza tumbo, mabega yameanguka, uso umenuna. Kulia, jamaa huyo huyo, kifua mbele, tumbo limegawanyika vipande sita, anacheka. Chini pameandikwa: wiki 12. Utaikuta kwenye stetasi za WhatsApp, kwenye TikTok, kwenye mlango wa jimu. Naiita hadithi kwa sababu ina mhusika, ina shida, ina mwisho mwema. Basi nataka kuihakiki vile tunavyohakiki riwaya: imejengwaje, inamwambia nini msomaji, na inamficha nini.

Watu wengi huuliza kwanza kama picha zenyewe ni za kweli. Swali zuri, lakini mimi sianzii hapo. Picha zote mbili zaweza kuwa za kweli na hadithi bado ikawa ya uongo, maana uongo wake uko katikati, pale pasipo na picha.

Fani hii si ya jana. Mwaka 1901 Eugen Sandow, aliyekuwa akijipaka poda nyeupe ili mwili wake ufanane na sanamu ya marumaru, aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mmoja wa majaji alikuwa Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes. Baadaye akaja Charles Atlas, kijana wa Kiitaliano aliyehamia Brooklyn, jina lake la kuzaliwa Angelo Siciliano. Tangazo lake maarufu lilikuwa katuni: kijana mwembamba yuko ufuoni na msichana wake, mbabe anamrushia mchanga usoni, kijana anarudi nyumbani na hasira, anaagiza kitabu cha bure kwa posta, na katika fremu inayofuata anajitazama kwenye kioo akiwa amejaa. Halafu anarudi ufuoni kulipiza.

Itazame ile nafasi kati ya fremu na fremu. Upana wake haufiki hata sentimita moja, na ndani yake mna miaka. Mchoraji ameiruka kwa sababu katuni huruka, ndivyo zilivyo. Shida ni kwamba katuni hii ilikuwa inauza kitu, na kilichouzwa ni huo mruko wenyewe.

Sisi watu wa pwani tuna shujaa wetu wa misuli, na kumlinganisha na hao kunasaidia. Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unatupa mtu ambaye mkobani mwake anabeba kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, kama vile sisi tunavyobeba chaja. Hata baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji. Utendi nao haujali ule mwili ulipatikana vipi. Hakuna beti za Liyongo kupiga tizi. Ila utendi haukudanganyi, kwa sababu haukuambii nawe utakuwa hivyo. Unataka ustaajabu, basi. Tangazo la wiki 12 limechukua staajabu hiyo hiyo, likaivisha nguo za maelekezo, likaweka namba ya kulipia.

Sasa tuijaze ile nafasi ya katikati, maana yaliyomo yanajulikana.

Wiki nne mpaka sita za mwanzo, mgeni wa vyuma huona maajabu: uzito uliomshinda Jumatatu anaunyanyua wiki ya tatu. Lakini kioo hakijabadilika. Sababu ni kwamba kinachojifunza kwanza ni neva. Ubongo unazoea kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja. Msuli wenyewe hukua polepole, na ukuaji wa kuonekana na jicho huanza baada ya miezi miwili, mitatu. Mwanamume anayeanza, akila vizuri na kulala vizuri, anaweza kuongeza nusu kilo mpaka kilo moja ya msuli kwa mwezi, tena miezi ya mwanzo tu. Mwanamke kama nusu ya hiyo. Mwaka wa pili kasi hupungua, wa tatu zaidi.

Mafuta nayo yana mwendo wake. Kupunguza nusu kilo kwa wiki ni kasi nzuri ambayo haikuli msuli. Mtu wa kilo 80 mwenye kilo kumi za kutoa, hesabu yake ni wiki 20, na hiyo ni bila harusi, bila Idi, bila wiki ya homa. Ukizijumlisha kazi hizi mbili, kukauka na kujaa, ile picha ya kulia ni kazi ya miaka miwili au mitatu kwa watu wengi. Mabadiliko ambayo mamako ataona ni miezi mitatu mpaka sita.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo haliwezi kulisema hata likitaka. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya watu 585 waliofanyishwa mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki 12, programu ile ile kwa wote. Kuna aliyeongeza unene wa msuli kwa asilimia 59. Kuna ambaye hakuongeza kitu, msuli ukapungua asilimia 2. Wiki ni zile zile, jasho ni lile lile. Kwa hivyo "wiki 12" ni muda tu. Haiwezi kuwa ahadi, maana kila mwili unausoma muda huo kwa lahaja yake.

Mnaosema "lakini kuna watu wamefanya kweli", naam, wapo. Wengine walikuwa wamejaa zamani, wakaacha, wakarudi, na msuli uliowahi kuwepo hurudi haraka. Wengine ni taa ya juu, mafuta ya ngozi, pushapu hamsini kabla ya picha na pumzi iliyobanwa. Na wengine ni sindano. Utafiti wa 1996 uliwapa wanaume testosteroni kwa wingi kwa wiki kumi. Waliodungwa bila kufanya zoezi lolote waliongeza kama kilo 3 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa, kama kilo 2. Waliofanya yote mawili, kama 6. Soma tena: aliyekaa tu na sindano alimpita aliyetoka jasho. Dawa hizo hunywesha korodani, hukata uzazi na huumiza moyo, na hayo hayapo kwenye picha ya kulia.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapoacha kuwa wa karatasi. Huku kwetu mwili ni kazi. Anayetafuta nafasi ya kuburudisha wageni hotelini, anayetaka ubaunsa Mtwapa, anayeomba ulinzi wa getini, wote wanaangaliwa kifua kabla ya cheti. Kazi zenyewe ni za msimu. Kijana akiwa na miezi mitatu kabla wageni hawajaja, wiki 12 humwingia kama maji kwenye mchanga. Jimu la uani ninapofanyia tizi, lenye vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye mikebe ya rangi, hujaa Januari mpaka watu wanapeana zamu. Masika ikianza tunabaki sita. Waliokwenda hawakuwa wavivu. Walikuwa wameongeza kilo mbili za msuli, matokeo mazuri kabisa, ila walikuwa wamesomeshwa hadithi ambayo ndani yake kilo mbili ni kushindwa. Wapo wanaokata tamaa wakiamini mwili wao ni mbovu. Na wapo wanaoanza kuulizia sindano. Tangazo limewafungulia njia zote mbili.

Tena limewatoa pesa. Hadithi ya haraka hudai chakula cha haraka, ndiyo maana kuna mkopo wa simu uliolipia mkebe wa poda. Mwili unaojengwa unahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 65 ni kama gramu 104. Mayai manne ni 24. Bakuli la maharagwe ni 17. Kipande kizuri cha samaki, 33. Nusu lita ya maziwa, 16. Ugali na chapati humalizia zilizobaki. Si rahisi kila siku, sisemi ni rahisi, na siku ya kukosa samaki ndengu zitafanya kazi. Lakini ni chakula kinachojulikana dukani na sokoni, na unaweza kukila miaka mitatu. Mkebe wa poda unaisha mwezi huo huo.

Nisiinyime haki yake. Hadithi ya picha mbili inajua kitu kimoja ambacho madaktari wengi hawajui: mtu haanzi kwa takwimu, huanza kwa kujiona. Bila picha ya kulia, wengi wetu tusingegusa chuma. Kama utangulizi, ni utangulizi mzuri. Kosa lake ni kujifanya kitabu kizima.

Kitabu kizima nimekiona, na ndicho ninachokipendekeza. Ni daftari la kurasa 96 la jamaa mmoja wa pale uani. Tarehe, zoezi, seti, marudio, uzito, alichokula. Kwa msomaji wa haraka linachosha. Skwati, skwati, skwati. Lakini lina sauti. Kuna ukurasa umeandikwa "Ramadhani, nyepesi baada ya taraweh". Kuna "shifti ya usiku, sijalala". Kuna "mvua, uani kumejaa". Kuna wiki tatu tupu, kisha "homa imekwisha, naanza na nusu". Mwezi wa nne uzito haujasogea hata kidogo. Mwezi wa tano umesogea kilo mbili na nusu kwenye chuma, na mwenyewe ameuwekea duara. Mabadiliko ya mhusika ninayaamini kwa sababu nimeona yalivyochelewa. Sasa yuko mwaka wa tatu, daftari la nne, na fulana zake za zamani amempa mdogo wake.

Kwa hivyo ukikutana na picha mbili tena, zifanyie alivyotufundisha mwalimu wa fasihi: uliza nani anasimulia, nani analipwa, na muda umekwenda wapi. Kisha kanunue daftari, kalamu na trei ya mayai.