Mkulima wa Zongwe na hesabu ya kungoja bei

Semina ya ujasiriamali vijijini huwa na sura ile ile: siku chache za kukaa chini ya mti, daftari na kalamu, cheti, kisha gari la mradi linarudi mjini. Naamini ujuzi wa biashara haupatikani hivyo. Mkulima huupata akiwa na uamuzi halisi mbele yake, mnunuzi anayepima kwa mizani, na akiba ya kumwezesha kungoja. Kikikosekana kimoja, somo hubaki daftarini.

Chukua hesabu ya mfano kwa mkulima wa Zongwe, mashariki mwa Kongo, ambaye soko lake ni Kalemie. Tuseme amevuna magunia 10 ya mahindi, na wakati wa mavuno gunia ni franka 40,000. Akiuza yote anapata 400,000. Akingoja miezi 4 na bei ikafika 60,000, huku fukusi wakimlia gunia moja na uhifadhi ukimgharimu 30,000, anabaki na 510,000. Lakini mtoto ni mgonjwa leo, kwa hiyo anakopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba peke yake inafika 40,000. Bado anamzidi aliyeuza mapema kwa 70,000. Ila bei ikiishia 50,000, atabaki na 380,000, yaani amepata hasara kwa kungoja. Kujua lini kungoja kunalipa na lini hakulipi, huo ndio ujasiriamali, na haufundishwi kwa hotuba ya kujiamini.

Kabalo, ambako reli ya kutoka Kalemie inafika, kulikuwa na jaribio la kufundisha kwa mnunuzi halisi badala ya hotuba. Mwaka 2008 PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mpango wa kununua chakula kwa wakulima wadogo katika nchi 20 za majaribio, Kongo ikiwemo, na Kabalo ikawa mojawapo ya maeneo yake, FAO ikishirikiana. Mnunuzi wa namna hiyo hapokei mahindi mabichi: unyevu usizidi asilimia 13.5, uzito uwe kamili, takataka zitolewe. Sharti hilo ndilo mwalimu, maana gunia lililokataliwa ni somo ambalo mkulima hulikumbuka msimu unaofuata. Upande wa fedha kuna AVEC, vyama vya akiba vilivyoanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa CARE: wanachama kama 15 hadi 25, sanduku la kufuli 3, na mgao mwishoni mwa mzunguko. Likelemba, mchango wa fedha wa kupokezana, humpa kila mtu zamu yake. AVEC humkopesha mwenye haja wakati wa haja, na riba inarudi kwa wanachama wenyewe.

Wengine watasema mkulima hana shida ya ujuzi, ana shida ya barabara na amani. Ni kweli, na anayefundisha biashara bila kutazama barabara anamchosha mtu. Hata hivyo magunia 200 yaliyokusanywa pamoja hugawana kodi ya gari, na sheria ya OHADA, umoja wa sheria za biashara barani Afrika ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, inaruhusu ushirika mwepesi wa watu 5 tu. Pingamizi zito zaidi ni la mnunuzi mmoja. Awamu ya majaribio ya PAM iliisha 2013, na miaka iliyofuata vita vya Watwa na Waluba viliwafukuza watu mashambani. Hapo nakubali: soko lililosimama juu ya mfadhili mmoja huanguka naye. Kwa hiyo mizani na kipimo cha unyevu vibaki mikononi mwa ushirika, wala visirudi na mradi, na wafanyabiashara wa bandari ya Kalemie waitwe kununua tangu msimu wa kwanza. Kwa wasiosoma, hesabu ya gharama ifanywe kwa kokoto na michoro, mbele ya wote.

Wanaopanga mafunzo ya Zongwe wapeleke mizani kabla ya vyeti, na waanze kazi wakati mkulima anaandaa shamba, si baada ya kuuza.