Utii wa Anuarite, na Vile Tunavyousimulia

Kila mwaka, inapokaribia tarehe 1 Desemba, Wakristo wengi wa nchi yetu hujitayarisha kumkumbuka Mwenye Heri Anuarite Nengapeta. Korali hujifunza nyimbo, vijana huandaa mchezo, nao makatekista huwaeleza watoto habari za maisha yake. Sisi wa Bunia na wa Ituri yote twampenda kwa namna ya pekee, maana alizaliwa Wamba, akafia Isiro, nasi twamhesabu kuwa ndugu wa jirani. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Hata hivyo, yafaa tuulize kama habari yake twaisimulia sawasawa. Kwa maoni yetu, katika michezo na mafundisho mengi mna upungufu mmoja. Nao si mdogo, kwa sababu wagusa fadhila mbili ambazo Mkristo hawezi kuishi bila ya hizo: unyenyekevu, na heshima kwa wenye mamlaka.

Tukumbushane kwanza habari yenyewe. Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939. Aliingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, akapewa jina la Marie-Clémentine. Aliwafundisha watoto, akatumika katika sakristia na jikoni. Mwishoni mwa Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba, waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika lori, wakawapeleka hata Isiro. Huko kanali mmoja, jina lake Ngalo, alitaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kanali mwingine, Olombe, akajaribu kumchukua kwa nguvu, akakataa tena. Akapigwa, akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa na miaka 24. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Basi, tuutazame mchezo kama unavyochezwa mara nyingi. Sehemu ya kwanza yaonyesha msichana mpole: afagia, apika, asali, aitikia kila neno kwa kuinamisha kichwa. Sehemu ya pili yaonyesha askari wenye kelele na bunduki za mti. Halafu risasi, kilio, na wimbo. Watu hulia, na machozi yao ni ya kweli. Lakini mtazamaji hapewi njia ya kutoka sehemu ya kwanza kufika ya pili. Msichana aliyesema "ndiyo" kwa kila mtu, ghafula asema "hapana" kwa kanali mwenye silaha. Nguvu hiyo ameitoa wapi? Mchezo haujibu. Kwa hiyo wengi hurudi nyumbani wakidhani kwamba utii wake na kukataa kwake ni vitu viwili mbalimbali, kana kwamba siku ile ya mwisho aliacha kuwa mtii.

Sisi twaona kinyume. Alikataa kwa sababu alikuwa mtii. Nadhiri yake alikuwa amempa Mungu, na neno alilompa Mungu halikuwa mali yake tena hata aweze kumgawia kanali. Mtu mwenye majivuno hupima amri kwa faida yake: ikimfaa hutii, isipomfaa hugoma. Mnyenyekevu hupima amri kwa mapenzi ya Mungu, ndiyo maana aweza kutii katika jambo dogo la jikoni, na aweza kukataa mbele ya kifo. Moyo ni ule ule mmoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha zamani kwamba aliye chini hapaswi kumtii mkubwa wake katika kila jambo, maana juu ya kila mkubwa yuko Mkubwa mwingine. Nao Mitume walipokatazwa na Baraza kulihubiri Jina la Yesu, walijibu hivyo hivyo.

Upungufu wa pili ni huu: mtu mmoja mkubwa husahauliwa. Mkubwa wa masista wale alikuwa Mama Kasima. Yeye naye alikuwa pale Isiro. Kanali alipomtaka Anuarite, Mama Kasima alimtetea waziwazi mbele ya wenye silaha. Katika michezo mingi mama huyu huwekwa nyuma pamoja na masista wengine wanaolia, au haonekani kabisa. Twaona kwamba hilo laharibu fundisho lote. Usiku ule palikuwa na mamlaka mbili. Moja ilikuwa ya kanali, iliyotaka kumla yule aliye chini yake. Nyingine ilikuwa ya Mama Kasima, iliyojiweka hatarini kwa ajili ya yule aliye chini yake. Ukimwondoa Mama Kasima, watoto wataona mkubwa mmoja tu katika habari nzima, naye ni mwuaji. Watajifunzaje basi kuwaheshimu wakubwa?

Haikupita hata mwaka mmoja tangu kifo kile, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya maisha ya kitawa, ukawafundisha wakubwa wa watawa waitumie mamlaka yao kwa moyo wa utumishi, na kuwatendea walio chini yao kama wana wa Mungu. Fundisho hilo Mama Kasima alikuwa amekwisha kulitimiza kwa mwili wake.

Kwa nini tusumbuke na mambo haya? Kwa sababu sisi wa Ituri twajua gharama ya utii usio na macho. Katika vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, vijana wengi walishika bunduki kwa amri ya wakubwa wao, na wengine walikuwa watoto bado, wale tuliowaita kadogo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaingiza vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Mwaka 2014 ilimhukumu Germain Katanga kwa ajili ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Waliohukumiwa huko walikuwa wakubwa. Lakini waliochoma nyumba kwa mikono yao walikuwa vijana wa vijijini, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Ukiwauliza wasema, "Tulitumwa." Neno hilo lapasa kutuumiza sisi tunaofundisha dini. Tuliwafundisha kutii, je, tuliwafundisha pia yupi wa kumtii, na mpaka wapi?

Tena iko hatari ndogo zaidi, iliyo karibu na mlango wa kanisa. Mwamini auliza hesabu ya fedha za shirika lake, naye aambiwa, "Uwe mnyenyekevu kama Anuarite." Hapo jina la shahidi lafanywa kifuniko cha chungu. Kuuliza kwa adabu si kiburi, wala kunyamaza mbele ya ubaya si unyenyekevu.

Lakini tusije tukaruka matope na kuangukia shimoni. Wako wengine, hasa vijana, ambao kila wakikataa amri husema kwamba dhamiri imewakataza. Padri akiwaomba wafike mapema, dhamiri. Mzazi akiwaonya juu ya pombe, dhamiri. Hao nao wamtazame Anuarite vizuri. Jambo alilokataa lilikuwa dhambi dhahiri. Gharama ya kukataa aliilipa yeye mwenyewe, hakumtwika mwingine. Tena hakumlaani aliyemwua, bali alimwambia kwamba amsamehe, kwa sababu hajui alitendalo. Papa naye, siku ile ya Kinshasa, alimsamehe mwuaji kwa jina la Kanisa lote. Basi hizi ndizo alama tatu za kukataa kwa mnyenyekevu: sababu iliyo safi, gharama aliyoibeba mwenyewe, na moyo usio na chuki. Ikikosekana hata moja, mtu ajichunguze kwanza kabla ya kujilinganisha na shahidi.

Kwa hiyo twawaomba wanaotunga michezo na nyimbo za mwaka ujao mambo mawili. Kwanza, waonyeshe Anuarite mwenye akili na nia, kama alivyokuwa. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo, akiona anazuiliwa kwenda utawani, alipanda lori kwa siri pamoja na wasichana waliokwenda Bafwabaka. Wengi huacha habari hiyo wakiogopa kwamba itawafundisha watoto ukaidi. Isiachwe. Tangu utoto alikuwa anatafuta ni nani anayemwita. Pili, wamweke Mama Kasima mbele ya jukwaa, karibu na Anuarite, wala asiwekwe nyuma.

Nasi makatekista, tukimaliza kufundisha habari hii, tusiwaulize watoto tu, "Anuarite alikufa mwaka gani?" Tuwaulize pia: "Usiku ule, mkubwa wa kweli alikuwa nani, na ulimtambuaje?" Mtoto akiweza kujibu hilo, siku atakapopewa bunduki na kuambiwa aende, atakuwa na neno la kujibu.