Lita 103 za nani? Mashine ya kuosha vyombo na mabeseni mawili ya mama

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka huu mama alitoa hela zake za kikoba, milioni moja na laki mbili, akanunua mashine mpya ya kuosha vyombo. Aliyemshawishi ni mimi. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayesoma uzamili wa uhandisi, kwamba kuosha kwa mkono kunakula lita 103 za maji na mashine inatumia lita 10 tu. Nyumbani kwetu Dar maji ya bomba huja kwa mgao, kwa hiyo hoja iliingia vizuri. Muuzaji naye akaikoleza. Hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake: hizo lita 103 ni za nani?

Basi ngoja nikuambie zilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wakiongozwa na Rainer Stamminger, waliwapa watu 113 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya vyombo 140 vichafu, yaani mlo wa watu 12, wakawaambia waoshe kama wanavyoosha kwao. Wastani ukawa lita 103 za maji, dakika 79, na umeme wa uniti 2.5 wa kuchemsha maji. Ni utafiti mzuri, sina ugomvi nao. Ila wastani huo una watu wanaoosha bomba likiwa wazi mwanzo hadi mwisho, tena la maji moto. Ukiuleta kwenye nyumba ambayo maji yanachotwa kwa kopo, unalinganisha mashine na mtu ambaye hayupo.

Kwetu, kama pengine kwenu, kuna mabeseni mawili. La kwanza sabuni, la pili kusuuza. Wiki mbili baada ya mashine kufika, dhamiri ikanisuta, nikapima. Usiku mmoja, watu sita: vyombo 46, sufuria nne na kikaango kimoja. Tuliosha kwa mkono, maji ya kusuuza yakabadilishwa mara moja. Jumla lita 28. Kesho yake vyombo karibu vilevile tukavipa mashine, programu ya kubana matumizi, ambayo kijitabu kinasema ni lita 10. Sufuria na kikaango vikabaki nje (sababu inakuja), zikaenda lita 12 nyingine kwenye beseni. Jumla 22.

Tumeokoa lita 6. Kwa mwezi ni madumu tisa ya lita 20. Si haba, lakini siyo ile hadithi niliyompigia mama. Na kama mwenzio anasuuza kila sahani bombani kabla ya kuipanga ndani, hata hizo sita zinapotea.

Upande wa umeme mambo ni mabaya zaidi. Mashine ilipata ushindi wake Ulaya kwa sababu anayeosha kwa mkono kule anachemsha maji. Sisi tunaosha kwa maji ya baridi, ambayo kwa joto la Dar si baridi kweli. Umeme wa beseni ni sifuri. Mashine yetu inakula karibu uniti moja kila mzunguko, uniti 30 kwa mwezi zinazotoka LUKU. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakishirikiana na watu wa kampuni ya Whirlpool yenyewe, walikuta kwamba njia yenye hewa chafu kidogo kuliko zote ni mabeseni mawili: moja la maji moto yenye sabuni, jingine la maji baridi ya kusuuza. Ilishinda hata mashine inayotumiwa kwa umakini. Huo utafiti hautausikia dukani.

Sasa sufuria. Hapa ndipo nadhani mashine hizi zinastahili lawama hasa, kwa sababu zimebuniwa kwa meza ya watu wengine. Uwezo wake unahesabiwa kwa seti: sahani, bakuli, glasi, kisu, uma. Uchafu wetu mgumu hauko kwenye uma. Uko kwenye sufuria yenye ukoko, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi. Sabuni ya mashine ni ya alkali kali kuliko ya mkono. Mara nyingi ina sodiamu kaboneti, ndugu wa karibu wa magadi. Ukichanganya alkali hiyo na maji ya nyuzi 50 au 60 kwa saa nzima na zaidi, ule utando unaliwa na sufuria inatoka nyeusi, ukiigusa inakuachia masizi kidoleni. Tulijifunza kwa sufuria ya wali ya bibi, na sitaki kusema zaidi. Mwiko wa mti nao unapasuka. Kwa hiyo kazi nzito inabaki palepale, mashine inachukua ile nyepesi.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakuligusa: presha ya maji. Kijitabu chetu kinataka angalau baa 0.5. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa moja, kwa hiyo tanki lililo mita 3 juu ya mahali maji yanapoingia linatoa baa 0.3. Piga hesabu ya kwako kabla hujalipa. Sisi tuliipiga baada ya mashine kukaa siku tatu ikilia na kuonyesha alama ya kukosa maji, huku fundi akisema eti ni mbovu. Haikuwa mbovu. Tulinunua pampu ndogo.

Maji ya kisima nayo ni mtihani. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, huacha ukungu mweupe kwenye glasi. Ndani ya mashine nyingi mna resini inayonasa madini hayo na kutoa sodiamu badala yake, na ile chumvi unayoijaza chini ni ya kuiamsha resini upya. Usitie chumvi ya mezani. Chembe zake ndogo huziba. Chumvi ya mawe ya sokoni nayo hapana, ina magnesiamu na mchanga. Na kama kisima chako ni cha maji ya chumvi kabisa, resini haitakusaidia, kwa sababu haiondoi kloridi, na kloridi hutafuna hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu.

Haya, kwa haki yake. Kwenye sahani mashine inafanya kazi safi kweli. Sabuni yake ina vimeng'enya, kimojawapo amilesi, kilekile cha jamii iliyomo kwenye mate yako. Umewahi kutafuna ugali muda mrefu ukaanza kuwa mtamu? Ndiyo hiyo, inakata wanga kuwa sukari. Kwa hiyo kwangua mabaki tu, usisuuze. Kimeng'enya kimewekwa humo kwa ajili ya huo ugali.

Na kuna muda. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1886, shida yake haikuwa maji. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimvunjia sahani. Kwetu anayeosha usiku ni binti wa mjomba, yuko kidato cha tatu, na kabla ya mashine alikuwa anafungua daftari saa tatu na nusu, amechoka. Sasa anafungua saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo hoja ambayo ningempa mama tangu mwanzo, na ingetosha. Tena ingenilazimu nijiulize mbona mimi na kaka yangu hatukuwa kwenye zamu.

Jumamosi iliyopita mama aliniuliza kama zile lita mia tumeshaanza kuziona. Nikamwonyesha daftari langu: lita 6. Alisoma taratibu, akafunga, akasema hizo nyingine nitamlipa kwa kusugua. Kwa hiyo ukinitafuta jioni, niko uani na sufuria nne, kikaango na steliwaya.