Wimbo na Msingi Wake: Kuhusu "Greensleeves to a Ground"

Greensleeves ni wimbo wa zamani wa Waingereza. Mwaka 1580 Richard Jones, mchapaji wa London, aliandikisha utungo wenye jina hilo. Mwaka 1706, kule kule London, John Walsh alitoa kitabu cha wapiga filimbi, The Division Flute, na ndani yake tunakuta "Greensleeves to a Ground". Jina la mtunzi halimo.

Mpango wake ni mwepesi. Besi inapiga mwendo mfupi, inafika mwisho, inaanza tena vile vile. Juu yake filimbi inatoa kwanza wimbo wenyewe, kisha inaanza kuukatakata: sauti moja ndefu inakuwa mbili, inakuwa ine, mpaka msikilizaji anajiuliza: wimbo wenyewe umekwenda wapi?

Kuna wanaosema kama mapambo mengi namna hii yanaua mila. Mimi naona hapana. Wimbo haukwenda popote, juu besi inauita kila mara inaporudi, na sikio linaujaza lenyewe. Lakini kuna sharti moja: besi isikike. Wapigaji wengine wanakimbiza vidole sana, na mwenzao wa besi anabaki nyuma kama mtumishi. Hapo tunasikia ufundi wa vidole tu, na kipande kinapoteza utamu.

Tena msingi huo ni shahidi. Watu wengi wanasimulia ati Mfalme Henry VIII njo alitunga Greensleeves. Mfalme huyo alikufa mwaka 1547. Wataalamu wanaonyesha kama wimbo umejengwa juu ya besi ya mtindo wa Italia, uliofika Uingereza nyuma ya kifo chake. Kwa maneno peke yake hadithi ya mfalme ilipendeza; besi ndiyo iliikataa.

Hapa sisi tunaokusanya nyimbo za wazee wetu tunapata fundisho. Mara mingi tunaandika maneno, pengine na sauti ya mwimbaji, lakini mwendo wa ngoma unaorudia chini tunauacha, tunasema kila mtu anaujua. Kesho hakuna atakayeujua. Kijana akitaka kuupamba wimbo kwa namna yake, atausimamisha juu ya nini? Basi katika madaftari yetu tuanze na ule mwendo wa chini, maneno yafuate.