Neno na Mahali Pake

Abiria wa jipni, gari la abiria la Ufilipino, mjini Cebu hukaa kwenye mabenchi mawili marefu yanayotazamana, magoti yakikaribia kugusana, na dereva yuko mbele kabisa, amewapa mgongo. Mara nyingi konda hayupo. Aliyekaa karibu na mlango wa nyuma humpa jirani nauli yake, akisema "plete, palihog", na sarafu husafiri mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Chenji nayo hurudi kwa njia ile ile. Ukikaribia unakoshukia, unagonga bomba la chuma lililo juu ya kichwa chako kwa sarafu, au unasema "lugar lang", na gari linasogea kando.

Ni maneno mawili tu. Lakini yaseme kabla ya kona, si baada yake, kwa sauti inayomfika dereva na isiyomkemea mtu, na mkono uwe umeshashika bomba kwa sababu breki haichelewi. Ndipo utakuwa umeyajua.

Huo ndio ustadi ninaousifu: kujifunza maneno machache ya wenyeji, kila neno pamoja na mahali pake. Kuijua lugha nzima ni kazi ya miaka. Nazungumzia maneno thelathini hivi ya Kibisaya, ambacho wataalamu hukiita Kisebuano, lugha ya watu takriban milioni 20 katika visiwa vya Cebu na Bohol, mashariki ya Negros na sehemu kubwa ya Mindanao. Wageni wengi hufika huko na maneno ya Kitagalog, kwa kuwa mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alikitangaza kuwa msingi wa lugha ya taifa la Ufilipino. Kitaeleweka, na maji ya kunywa utauziwa. Ila heshima ya Kitagalog hubebwa na kijineno "po", ambacho Kibisaya hakina. Kwa Wabisaya heshima imo katika "palihog", yaani tafadhali, katika ulaini wa sauti, na katika namna unavyomwita mtu: Nong kwa mwanamume aliyekuzidi umri, Nang kwa mwanamke, Dong na Day kwa vijana. Mgeni anayemwita muuzaji "Nang" amekwisha kujiweka mahali pake kabla hajataja anachotaka.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1521 Mwitaliano Antonio Pigafetta, aliyekuwa katika safari ya Magellan, aliandika Cebu orodha ya maneno yapatayo 160. Aliorodhesha viungo vya mwili: jicho, pua, meno, ulimi. Akaandika mchele, tangawizi, na hesabu hadi kumi. Tarehe 27 Aprili mwaka huo Magellan aliuawa kisiwani Mactan, na siku chache baadaye wenzake wengi waliuawa katika karamu ya mtawala wa Cebu. Pigafetta hakwenda karamuni, maana uso wake ulikuwa umevimba kwa jeraha la mshale wenye sumu. Ndiyo maana orodha ile tunayo. Naipenda kwa usikivu wake: baada ya miaka 500, Mbisaya wa leo bado anayatambua mengi ya maneno yale, yajapokuwa katika tahajia ya Kiitaliano.

Sokoni Carbon, mjini Cebu, hesabu zina tabaka mbili, na hapa ndipo mwanafunzi hupata raha. Vitu huhesabiwa kwa Kibisaya, bei aghalabu kwa Kihispania kilichobaki vinywani. "Tulo ka buok, Nang," unasema, na kuonyesha maembe matatu. "Tagpila?" Jibu linakuja "baynte" au "singkwenta", ishirini au hamsini. Aliyejifunza usa, duha, tulo, yaani moja, mbili, tatu, peke yake atabaki ameduwaa. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa akikuta shambani kuna humay, gunia lina bugas na sahani ina kan-on, kwa kuwa naye ana mpunga, mchele na wali. Akitaka kupunguziwa bei, neno ni hangyo, na huombwa kwa tabasamu.

Halafu kuna "Ayo!" Unaisema ukiwa nje ya nyumba, au mbele ya kiduka cha mtaani ambacho mwenyewe yuko uani anapika. Hiyo ni hodi, na kama hodi, husemwa ukiwa umesimama. Ukiwakuta wanakula watakuambia "Mangaon ta", tule. Huwezi kuipita kimya. "Busog pa ko, salamat," bado nimeshiba, ni jibu la kutosha, na wao wataendelea kula kwa amani. Anayekuuliza njiani "Asa ka?", unakwenda wapi, hataki anwani yako. "Diha ra," hapo tu, inamtosha.

Kwa upande wa sauti, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna faida ambayo Wazungu wengi hawana. Ng' ya ng'ombe ndiyo inayoanza ngalan, jina, na ngano, kwa nini. Penye kutudai juhudi ni mkazo, kwa kuwa wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho na wa Kibisaya huhama: hapon ni alasiri mkazo ukianza mbele, na ni Mjapani ukiangukia mwisho. Ukizidiwa na kasi ya msemaji, "hinay-hinay lang", polepole tu, na hakuna atakayekasirika.

Maneno yenyewe hayatulii. Mjini Cebu l ya katikati humezwa, wala, hakuna, ikawa wa, na balay, nyumba, ikawa bay. Ukipanda boti ya kasi kwenda Bohol, kama saa mbili baharini, y inageuka j, na asubuhi njema, "maayong buntag", inakuwa "maajong buntag". Msafiri mwenye sikio hulinasa hilo katika salamu ya kwanza anayopewa gatini Tagbilaran, na salamu ya pili anaitoa kwa Kibohol.